Jicho Nililolipima Kupitia Ukuta

Katika wilaya hizi mbili, Tarime na Serengeti, nadhani mimi ndiye muuguzi wa macho pekee aliyewahi kupima jicho la mgonjwa kupitia ukuta. Msidhani ni mashine mpya. Ulikuwa ukuta wa tofali za kuchoma, kati ya sebule yangu na jiko, hapa nyumbani Nyamisangura. Jikoni alikaa mama mkwe wangu. Sebuleni nilikaa mimi, mbele ya ugali wa mtama na maziwa ya mgando. Mlangoni, katikati yetu, alisimama mke wangu Robhi, akipeleka maneno huku na kurudisha huku.

"Mama anasema macho yana ukungu," Robhi akasema.

"Yanauma?"

Akageuka, akauliza, akarudi. "Hayaumi."

"Basi ni mtoto wa jicho. Uzee huo. Mwambie hamna haraka."

"Anasema kuna dawa ya Kihindi amenunua mnadani. Aitumie?"

Nilikuwa na tonge mdomoni. Nikalimeza kwanza, maana mtaalamu hatoi ushauri mdomo umejaa. "Mwambie aitumie tu. Matone hayo hayana madhara."

Hilo ndilo neno la kijinga kuliko yote niliyowahi kutamka nikiwa kazini au nyumbani, na ninyi mliofanya kazi na mimi mnajua ushindani ulikuwa mkali.

Mliniomba niwaachie maandishi kidogo kabla sijasahau. Sitaandika kuhusu vyeo. Nilipanda mpaka nikakabidhiwa ufunguo wa stoo, nikaishia hapo. Mishahara mnaijua, mnapokea hiyohiyo. Nitaandika kuhusu macho, na mtanisamehe kama mwandiko unakwaruza karatasi. Nina hasira. Nilidhani kustaafu kutanipoza, kumbe kumenipa muda wa kukasirika vizuri, nimekaa, mbele ya chai.

Kwa wale mliohamishiwa hapa kutoka mbali, niwaeleze ukuta ule ulikuwa wa nini. Kwetu Wakurya, mtu na mama mkwe wake hawaangaliani usoni. Hawashikani mkono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anaiacha njia anaingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Vijana wa sasa wamelegeza, wengine wanapiga picha na wakwe zao wakicheka. Mama mkwe wangu, mama wa Nyanungu, aliyefuga ng'ombe na kusomesha watoto kwa maziwa yao, hakulegeza kitu. Na mimi ni mtu mwoga wa nyumbani, ninayependa mambo yakae yalivyokaa.

Kazi nilianzia upande wa Serengeti, kwenye zahanati ndogo ya Machochwe, nikiwa nimemaliza kidato cha nne na uuguzi wa cheti. Nilikuwa nimeomba nipangwe Tarime mjini, karibu na kwa mama. Wakanipeleka mahali ambapo tembo wakivuka kutoka hifadhini, shamba la mahindi linabaki kama uwanja wa mpira. Nililia. Naandika hivyo kwa sababu mpo mnaolia sasa hivi mlikopangwa, na hakuna aliyekufa kwa hilo.

Aliyenifundisha macho ni Mama Nyangi, muuguzi wa macho aliyekuwa akipita zahanati za wilaya nzima. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kufukuza nyani, na tochi yake aliifunga kamba shingoni kama filimbi ya refa. Siku ya kwanza nilimkimbilia nikaanza kumweleza mgonjwa aliyekuwa kwenye benchi: mzee fulani, jicho la kulia, linafanya hivi, linafanya vile. Akaninyamazisha kwa kidole.

"Mura," akasema, yaani kijana kwa Kikurya, "usinisimulie jicho. Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Nilikuwa nimesimulia la kulia, bovu lilikuwa la kushoto.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Tochi. Chati ya herufi E zilizogeuzwa kila upande, kwa wasiosoma. Lenzi ya mkononi. Chombo cha kupimia presha ya jicho tulikuwa nacho kimoja, na alikilaza kwenye pamba kwa upole kuliko mama anavyomlaza mtoto. Lakini alisisitiza tochi. Kwa tochi tu, alisema, utajua mambo mawili makubwa. Mboni ikiwa nyeupe au ya kijivu, huenda ni mtoto wa jicho. Halafu mulika kutoka pembeni, juu, chini, umwulize mgonjwa mwanga unatoka wapi. Akijua, nyuma ya ule weupe jicho bado lina uhai, na upasuaji unaweza kumsaidia. Asipojua, nenda taratibu, usimpe matumaini ambayo huna.

Mtoto wa jicho Mama Nyangi alikuwa akiwaeleza wagonjwa kwa mfano wa yai, nami nimeiba maelezo yake maisha yangu yote. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi, nayo ni angavu kama ute wa yai bichi. Mwanga unapita. Umri ukienda, au kisukari kikikaa sana, au jicho likipigwa, au mtu akitumia ovyo matone yenye dawa kali asizoandikiwa, ule ute unaanza kuiva. Unakuwa mweupe. Mwanga haupiti. Si ngozi iliyoota juu ya jicho ambayo unaweza kuikwangua, wala uchafu wa kuoshwa. Ni yai limeiva. Dawa yake ni kulitoa na kuweka lenzi nyingine ya bandia, kazi ambayo fundi mzuri anaimaliza kabla ndugu waliokaa nje hawajagombana.

"Sasa niambieni," alikuwa akiwauliza wagonjwa, "nani kati yenu amewahi kuchemsha yai, akalidondoshea dawa, likarudi bichi?"

Walicheka wote. Kisha nusu yao walirudi nyumbani kudondosha dawa.

Jambo la mwisho alilonifundisha ni kitambaa. Mara ya kwanza kuingia chumba cha upasuaji, kwenye kambi ya macho kule Mugumu, kazi yangu ilikuwa kumfunika mgonjwa kwa kile kitambaa cha kijani kinachoziba uso wote, chenye tundu moja la kutokezea jicho. Nilikishika nikasitasita. Mgonjwa alikuwa bibi mwenye uso mzuri, na niliona kama namzika.

"Funika," Mama Nyangi akasema. "Ukiuona uso utaanza kumhurumia, mkono utetemeke. Hapo mezani kuna jicho tu. Bibi utampata baadaye, mkinywa uji."

Kisa hicho nimekisimulia nyumbani mara nyingi mno. Wanangu walikuwa wakinikatiza na kukimalizia wenyewe. Kumbukeni tu kwamba Robhi alikuwa akisikia.

Miaka ikaenda, nikarudishwa Tarime, nikaoa, nikajenga, nikawa mtu wa bustani ya migomba na kiti kimoja. Mlinijua hivyo: safari za vijijini nilikuwa nikiugua ghafla. Lakini nilikuwa naona vizuri kinachotujia kliniki. Kila mara alikuja mtu aliyechelewa, na kila aliyechelewa alikuwa amepitia kwa mtu wa dawa. Wengine asali, wengine majani yaliyotafunwa, wengine maziwa ya mama anayenyonyesha. Hao sikuwakasirikia. Ni bibi na babu zetu, walikuwa wakitoa walichonacho, bure, na ukiwaelimisha wanasikia.

Kisha akaja bwana wa chupa.

Sitamtaja jina, na jina alilojiita nalo sidhani kama lilikuwa lake. Alikuwa Mkurya mwenzetu, zamani akiuza mbegu za mahindi ambazo nyingine zilikuwa zinaota. Alikaa Sirari, mpakani na Kenya, muda, akarudi na spika, meza ya kukunja na neno moja jipya: Ayurveda. Alizunguka minada ya ng'ombe, kwa sababu siku ya mnada watu wana furaha na wana haraka.

"Wazee, hii kitu si ya mchezo," spika ilipiga kelele. "Ni elimu ya kale ya Wahindi. Unatia matone mbili asubuhi, mbili jioni. Hiyo mtoto ya jicho inayeyuka yenyewe, kama mafuta kwa sufuria. Hakuna kisu! Nani hapa anataka kisu kwa jicho?"

Hakuna aliyetaka.

Na hapa niwe mkweli, maana hasira yangu nataka ifike kwa mwenyewe, isimwangukie asiyehusika. Nilimuuliza daktari bingwa aliyekuwa akija kutupasulia wagonjwa, naye alisomea huko India. Aliniambia Ayurveda ni elimu ya kweli kwao, ina vyuo na walimu. Wanafundisha kula vizuri, kulala, kunawa uso, kupumzisha macho. Kuna unga wa matunda matatu yaliyokaushwa wanaochanganya na maji, kuna samli wanayoitumia juu ya macho. Kwa mtoto wa jicho, alisema, hakuna lolote kati ya hayo lililowahi kuthibitishwa kuliondoa, na kutia jichoni maji au samli isiyo safi ni kukaribisha usaha.

"Nilikaa chumba kimoja na kijana aliyesomea Ayurveda," akaniambia. "Mama yake alipata mtoto wa jicho. Unajua alimpeleka wapi?"

"Wapi?"

"Kwetu. Kwenye upasuaji. Na waganga wao wa kale kabisa walijua matone hayatoshi. Walikuwa wakilisukuma lile yai kwa sindano, mgonjwa akiwa macho. Huyo wako wa mnadani hata hicho kitabu hajakifungua."

Kwa hiyo nilijua. Nataka mshike hilo. Siku ya ukuta, siku ya tonge, nilikuwa najua yote haya. Wagonjwa wa watu nilikuwa nawafokea wakitaja ile chupa. Ila huyu mmoja, kumwambia "njoo nikuone" kungemaanisha nimwone. Yeye mwenyewe alishasema hawezi kukaa kwenye benchi mlangoni pa mkwe wake, watu wakipita. Ningeweza kumwomba mwenzangu wa kliniki ampime. Ningeweza kumpeleka Mugumu. Vyote vilihitaji mazungumzo marefu ya aibu, na maziwa yangu yalikuwa yanapata joto. Nikasema hayana madhara.

Dalili ilikuja, na ilinijia yenyewe. Nilikwenda Nyanungu kwenye msiba wa jirani yao. Njiani nikamwona mama mkwe anakuja, nikaanza kutafuta mahindi ya kuingia. Nikategemea naye angekwepa. Hakukwepa. Alinijia moja kwa moja, akaukamata mkono wangu kwa mikono yake miwili, akautikisa.

"Ee, mama Wankuru! Dagaa umeleta?"

Mama Wankuru ni muuza dagaa. Ni mwanamke mnene.

Nikauchomoa mkono nikakimbia. Nilikimbia, mwanaume mwenye mvi na suruali ya msibani, mpaka kwenye migomba ya watu. Kijiji kilicheka wiki nzima, na yeye alipoambiwa alimshika nani, alijifungia ndani kwa aibu. Nami nikarudi nyumbani nikimwambia Robhi kwamba mama yake amenivunjia heshima. Mgonjwa amenisogelea mpaka umbali wa mkono, haoni tofauti kati yangu na muuza dagaa, na mimi, muuguzi wa macho, nilichokiona ni utovu wa adabu.

Jicho la kushoto lilianza kumuuma mahindi yakiwa magotini. Likawa jekundu, kichwa kikawa kinampasuka upande huo, akawa anatapika. Alipeleka habari kwa bwana wa chupa, akajibiwa kwamba hiyo ndiyo dawa inafanya kazi, uchafu unatoka, aongeze matone. Akaongeza. Mama yule ni wa kizazi kisicholalamika. Alikuwa akikamua ng'ombe amefunga jicho kwa kitambaa. Robhi alipokwenda kumsalimia, mahindi yalikuwa yanavunwa. Alirudi naye kwenye pikipiki siku hiyohiyo.

Mwenzangu wa kliniki alikuwa Mugumu, kambi ya upasuaji imeanza. Nikasema tumsubiri. Robhi alikuwa amesimama mlangoni, palepale pa siku ile.

"Unamsubiri nani?"

"Mwenzangu. Mimi uso wa mama siwezi kuuangalia, unajua."

"Hospitalini mnawafunika watu uso mnaacha tundu. Umetusimulia humu ndani mpaka tumechoka. Au kulikuwa ni kusimulia tu?"

Hakungoja jibu. Alichukua kitenge chake cha Pasaka, ambacho hakijafuliwa hata mara moja, akakipiga mkasi katikati. Akaingia jikoni. Nilisikia wakinong'onezana, kisha Robhi akaniita.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda, amefunikwa kitenge kuanzia utosini mpaka magotini, kama mzigo unaosubiri gari. Palikuwa na tundu moja, na ndani ya tundu, jicho. Nikapiga magoti na tochi yangu. Mkono ukatetemeka hata hivyo.

Lilikuwa la kushoto. Jekundu, gumu kama gololi, mboni nyeupe pe. Yai lilikuwa limeiva kupita kiasi, likaziba njia za maji, presha ikapanda ndani. Nikamulika kutoka juu.

"Mwambie mama aseme taa iko upande gani."

"Mama, anauliza taa iko upande gani," Robhi akasema, ingawa sote watatu tungeweza kugusana.

Chini ya kitenge sauti ikatoka. "Mwambie, taa gani?"

Nikamulika kutoka pembeni. Nikasogeza mpaka karibu niunguze kope.

"Mwambie awashe basi," mama mkwe akasema. "Au betri zimeisha?"

Robhi alinitazama. Akasogeza kitenge, tundu likahamia kulia. Mboni ya kijivu, bado tulivu. Nikamulika kutoka juu.

"Juu. Mwambie apunguze, ananichoma."

Nimepewa mbuzi na wagonjwa, nimepewa majogoo, nimeombewa makanisani. Hakuna zawadi iliyonifikia kama lile karipio.

Asubuhi tulikwenda Mugumu, mimi nikiwa mbele ya gari na yeye nyuma kabisa. Jicho la kushoto walilitibu maumivu tu, kuona kulishaondoka. La kulia lilipasuliwa. Nilikataa kuingia, mwenzangu akashika vifaa. Walipofungua bandeji kesho yake, nilikuwa nimesimama mwisho wa korido nikijifanya nasoma tangazo. Mama mkwe akatoka ameshikwa mkono na Robhi. Akainua kichwa, akatazama korido yote, akaniona. Na kwa umbali ule, akavuta khanga usoni, akageuka akautazama ukuta mpaka nipite.

Nilipita nikilia kwa furaha. Nadhani mimi ndiye mkwe pekee aliyewahi kufurahia kukwepwa kiasi kile.

Furaha haikudumu. Mnada uliofuata, mimi mtu wa kiti kimoja, nilitoka nyumbani na ile chupa ya mama mkwe mfukoni. Nilisikia spika kabla sijaiona meza.

"Msiniulize mimi! Muulizeni muuguzi wa macho wa Tarime, yule mwenyewe wa kliniki! Amempa mama mkwe wake dawa hii hii! Amesema haina madhara!"

Kumbe mama mkwe, kwa kujivunia mkwe wake, alikuwa amemwambia kila mtu. Sauti yangu ilikuwa imezunguka minada yote, nikiwa nimekaa nyumbani.

Nilimnyang'anya kipaza sauti. "Muuguzi huyo ni mimi. Nilisema maneno hayo na sikuwa nimelitazama jicho. Mama huyo jicho moja limekufa. Mtoto wa jicho hayeyuki. Nendeni mkamulikwe kwa tochi, ni dakika tu."

Mzee mmoja mwenye fimbo akaniangalia kutoka juu hadi chini.

"Sasa wewe unauza nini?"

"Siuzi kitu, mzee wangu."

"Basi pisha mwenye biashara."

Walicheka, na wawili wakanunua nikiwa nimesimama pale. Chupa niliipeleka ofisi inayohusika, wakaipokea, wakanishukuru. Bwana wa chupa akahamia mnada mwingine. Mkimsikia bado ananitaja, mjue mnachotakiwa kufanya: mchukueni mgonjwa mmoja mmoja, mmulike. Awe mama yako, awe mkweo, awe mchungaji wako. Msipime jicho kwa masikio.

Juzi Robhi alikianika kile kitenge uani. Jirani yetu, Mama Gati, ambaye uzio kati yetu haujawahi kuzuia swali lolote, akauliza tundu lile ni la nini. Nikamsimulia kisa chote, tangu ugali mpaka korido. Nilikipamba kidogo mwishoni, pale pa kukwepwa. Nilitegemea angesema pole, au hongera. Akapepeta mtama wake mpaka ukaisha, akaweka ungo chini.

"Baba Bhoke," akasema, "wewe mama mkwe wako ulimheshimu mpaka ukamtoa jicho."